Utando wa Atomu Tatu Unapokataa Kung'aa: Utatuzi wa Matatizo ya Semikondakta za Tabaka Moja

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana fuwele mezani, spektrometa inayofanya kazi na kipande cha silikoni kilichokwisha kufungwa nyaya, lakini vipimo anavyovipata havilingani na vile alivyotarajia. Fuwele zenyewe ni zile za molibdeni au tungsteni iliyoungana na salfa au seleni, yaani MoS₂, WS₂, MoSe₂ na WSe₂. Tabaka moja la MoS₂ ni safu tatu tu za atomu, salfa juu, molibdeni katikati, salfa chini, na unene wake ni nanomita 0.65 hivi. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti, moja la Kin Fai Mak na wenzake na jingine la Andrea Splendiani na wenzake, yalionyesha kwamba bonge la MoS₂, ambalo pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuifungua elektroni ili itembee, ni kama elektronivolti 1.3 na ambalo halitoi mwanga wa maana, hubadilika tabia likichambuliwa hadi kubaki tabaka moja: pengo hupanuka, mwanga hutoka karibu na elektronivolti 1.85, na elektroni huweza kukutana na tundu lake, yaani nafasi iliyoachwa wazi na elektroni, na kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja kwa moja bila kusaidiwa na mtetemo wa fuwele.

Jambo la kushika kabla ya kugusa kifaa chochote ni kwamba utando wa namna hii hauna ndani. Silikoni ya kawaida ikichafuka usoni, atomu zisizohesabika zilizo chini huendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa kila atomu ama iko usoni ama imepakana na uso. Ndiyo maana katika kila tatizo lililo hapa chini nitaanza kuwahoji majirani wa fuwele, yaani kitako ilicholalia, hewa iliyo juu yake, metali inayoigusa na chombo kinachoipima, kabla ya kuituhumu fuwele yenyewe.

Fuwele haing'ai, au inang'aa kidogo mno

Umeelekeza leza ya kijani ya nanomita 532 kwenye MoS₂, ukatarajia kilele karibu na nanomita 670, ukaambulia mstari ulionyooka kama uzi. Swali la kwanza si la fizikia ngumu: je, hilo ni tabaka moja kweli?

Fuwele iliyochambuliwa kwa selotepu na kubandikwa juu ya silikoni huonekana vizuri iwapo oksidi ya silikoni ina unene wa nanomita 90 hivi, au kati ya 285 na 300. Chini ya hadubini oksidi ya nanomita 285 ina rangi ya zambarau, na tabaka moja juu yake ni kivuli chepesi cha kibuluu ambacho jicho lisilozoea hukiruka. Tabaka mbili ni kivuli kile kile kilichokolea kidogo, ilhali vipande vinavyometa kwa rangi ya manjano, ambavyo ndivyo vinavyomvutia mgeni, ni vinene na havina faida kwa kazi hii. Ukibadilisha unene wa oksidi, kivuli hicho hufifia au hupotea, na unaweza kupekua kipande kizima mchana kutwa huku tabaka ulizozitafuta zikiwa mbele ya macho yako.

Jicho peke yake halitoshi. Kupima kimo cha ukingo kwa hadubini ya nguvu za atomu husaidia, lakini namba yake hudanganya, kwa sababu maji na hewa iliyonaswa chini ya fuwele huweza kufanya tabaka moja lionekane lina nanomita 1 au zaidi. Mimi huamini zaidi mtawanyiko wa Raman, yaani mwanga wa leza unaorudi ukiwa umebadilika nishati kidogo kwa sababu ya mitetemo ya fuwele. MoS₂ ina vilele viwili, kimoja karibu na 385 cm⁻¹ ambacho ni cha mtetemo wa kwenda na kurudi ndani ya bapa, na kingine karibu na 404 cm⁻¹ ambacho ni cha atomu za salfa zinazotetemeka kwenda juu na chini. Umbali kati yake katika tabaka moja ni 18 hadi 19 cm⁻¹, katika tabaka mbili ni kama 21 hadi 22, na katika bonge hufika 25. Tofauti ya kuamua ni ndogo, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba spektrometa yako inaweza kuiona: ukitumia wavu (kipande chenye mistari kinachotenganisha rangi za mwanga) wa mistari 600 kwa milimita, huenda pikseli moja ya kamera ikabeba zaidi ya 1 cm⁻¹, na hapo kubishana kuhusu 19 au 21 ni kubishana kuhusu pikseli. Weka wavu wa mistari 1800, sawazisha chombo kwa kilele cha silikoni cha 520.7 cm⁻¹, kisha ndipo usome. Kwa WSe₂ njia hii haifai, maana vilele vyake viwili vimepandana karibu na 250 cm⁻¹. Badala yake tazama kama kuna kilele kidogo karibu na 308 cm⁻¹, ambacho hujitokeza tabaka zikiwa mbili au zaidi na hakipo katika tabaka moja.

Ikiwa ni tabaka moja na bado haing'ai, tazama imelalia nini. Dhahabu hunyonya msisimko wa elektroni kabla haujageuka mwanga, na grafini hufanya vivyo hivyo. Anayetumia mbinu ya kuchambua fuwele kwa kuibandika kwenye dhahabu safi hupata vipande vikubwa vya kupendeza ambavyo, vikiwa bado juu ya dhahabu hiyo, karibu havitoi mwanga wowote. Hilo si kosa la fuwele. Ihamishie juu ya oksidi au juu ya nitridi ya boroni ya pembesita, kisha pima tena.

Mtuhumiwa wa tatu ni leza yako mwenyewe. Mikrowati 50 zinasikika kuwa kidogo, lakini lenzi ya ukuzaji wa mara 100 huzikusanya katika doa la mikromita mraba moja hivi, na hesabu yake hutoa wati 5,000 kwa sentimita mraba, ambazo ni kama mara 50,000 ya ukali wa jua la saa sita mchana. Ukipanda hadi miliwati kadhaa, fuwele hupata joto, huoksidika, na mwisho hutoboka; kuna waliotumia leza makusudi kupunguza tabaka moja baada ya jingine. Kipimo cha kubaini ni rahisi: pima kwa nguvu ndogo, kisha kwa nguvu mara kumi, halafu rudi kwenye nguvu ndogo palepale. Mwanga wa tatu usipofanana na ule wa kwanza, umeshaiunguza.

Kinachobaki baada ya kuwaondoa hao ndicho kinachohusu fuwele yenyewe. MoS₂ iliyotoka mwambani au tanurini ina matundu ya salfa, yaani mahali ambapo atomu ya salfa ilitakiwa kuwepo lakini haipo, na idadi yake mara nyingi hufikia 10¹³ kwa sentimita mraba. Safu moja ya salfa ina atomu kama 1.2 × 10¹⁵ katika eneo hilo hilo, kwa hiyo tunazungumzia nafasi moja tupu katika kila mia, na hiyo si kasoro ndogo. Fuwele hizi pia hubeba elektroni za ziada, na zikiwa nyingi, eksitoni, yaani elektroni na tundu vilivyofungamana, hujitwalia elektroni ya tatu na kuwa trioni, ambayo hupoteza nishati yake kwa njia nyingine badala ya kutoa mwanga. Ndiyo sababu ufanisi wa kung'aa wa sampuli ya kawaida huwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2015 Matin Amani na wenzake waliitibu MoS₂ kwa asidi kali ya kikaboni na ufanisi ukapita asilimia 95. Mwaka 2019 ikaonyeshwa kwamba kuziondoa elektroni za ziada kwa volti ya lango, yaani elektrodi iliyotenganishwa na fuwele kwa kihami, peke yake kunaweza kurudisha mwanga huo hata kama matundu bado yapo. Kwa mtatuzi wa matatizo, somo la matokeo hayo mawili ni hili: kabla ya kuilaumu fuwele kwa kasoro zake, ipe volti hasi langoni uone kama mwanga unapanda. Ukipanda, tatizo lako ni elektroni zilizozidi. Usipopanda hata kidogo, rudi kwenye matundu ya salfa, na ujue kwamba tiba ya asidi hufanya kazi kwa salfaidi, wala haijazisaidia selenaidi kwa kiwango hicho.

Kuna hali moja inayowashangaza wengi. MoS₂ iliyokuwa iking'aa vizuri hewani huwekwa katika chumba cha ombwe, pampu huwashwa, na baada ya saa chache mwanga hupungua. Mtu hudhani dirisha la chumba limeingia mafuta ya pampu. Kwa kawaida sivyo. Oksijeni na maji vilivyokuwa vimeng'ang'ania uso vilikuwa vikichukua sehemu ya zile elektroni za ziada. Ombwe limeviondoa, elektroni zimerudi, na trioni zimeongezeka. Rudisha hewa polepole, na mwanga ukirudi nao, umepata jibu bila kufungua hata skrubu moja.

Kilele kipo, lakini kimehama

Hapa swali la kujiuliza ni kimehama kiasi gani na kwa umbo gani. Kuhama kwa milielektronivolti 20 hadi 40 kuelekea nyekundu, pamoja na kilele kunenepa upande mmoja, huashiria trioni. Linganisha kilele kwa volti tofauti za lango, au kwa nguvu tofauti za leza, utaona vilele viwili vikipokezana ukubwa mahali palepale. Kisichofanya hivyo si jozi ya eksitoni na trioni.

Kilele kizima kikihama bila kubadili umbo, fikiria kunyooshwa. Kila asilimia 1 ya kunyooshwa kwa mwelekeo mmoja hukishusha kilele cha MoS₂ kwa takriban milielektronivolti 45 hadi 50. Fuwele zinazooteshwa tanurini kwa mvuke, kwa joto la nyuzi 650 hadi 800 za Selsiasi, hutoka zikiwa zimenyooshwa kwa sababu fuwele hutaka kusinyaa zaidi ya kitako chake inapopoa, nacho kitako kimeikamata. Dalili ni kwamba kipande kilichohamishwa kwenda juu ya kitako kingine hurudi kwenye nishati yake ya kawaida, ilhali ndugu yake aliyebaki pale alipooteshwa habadiliki. Raman husaidia kutenganisha kesi hizi mbili, na hiki ni kipimo ninachokipenda kwa sababu hakidai kifaa kipya: kilele cha 385 huathiriwa zaidi na kunyooshwa, kilele cha 404 huathiriwa zaidi na elektroni za ziada. Kikishuka kile cha kwanza peke yake, tafuta mkazo. Kikishuka na kunenepa kile cha pili, tafuta elektroni.

Usisahau joto. Kati ya joto la chumba na lile la heliamu ya kimiminika, kilele hupanda kwa makumi ya milielektronivolti, na leza inayopasha doa moto hukishusha bila wewe kujua. Vilevile viputo na makunyanzi yaliyoachwa na kuhamishia fuwele kwa mhuri wa mpira wa silikoni hufanya kilele kihame kutoka doa moja hadi jingine ndani ya kipande hicho hicho, kwa hiyo kipimo cha doa moja hakitoshi kutoa hukumu.

Kilele kisichojulikana kimetokea

Niliwahi kutumia karibu wiki mbili na kilele chembamba cha nanomita 611 katika sampuli ya WS₂. Tabaka moja la WS₂ hung'aa karibu na nanomita 615 hadi 620, kwa hiyo mstari ule ulikaa mahali pazuri kabisa pa kudanganya, kama bega jembamba juu ya kilele kipana. Niliuita eksitoni iliyonaswa kwenye kasoro, nikachora michoro, nikaanza hata kuipanga sampuli upya. Jioni moja mwenzangu alipita akazima taa za chumba akidhani kila mtu ameondoka, nami nikauona mstari ukifa kwenye skrini huku kilele kipana kikibaki. Ulikuwa mwanga wa europiamu iliyo ndani ya unga wa taa za tyubu, ambao hutoka karibu kabisa na nanomita 611. Tangu siku ile, kabla ya kukipa kilele jina lolote, hufunika leza na kupima giza. Kinachobaki leza ikiwa imezibwa si cha fuwele.

Walio na fuwele zilizooteshwa juu ya yakuti samawi hukutana na udanganyifu wa jamii hiyo hiyo: mistari miwili myembamba kwenye nanomita 692.9 na 694.3, ambayo ni ya kromiamu kidogo iliyomo ndani ya yakuti, ile ile inayoipa yakuti nyekundu mwanga wake. Iko karibu na MoS₂ kiasi cha kumchanganya mtu. Hii haizimiki ukiziba taa, kwa sababu leza ndiyo inayoiamsha. Kipimo chake ni kusogeza doa hadi mahali patupu pa kitako pasipo na fuwele, na ikiwa mistari ipo pale pale, mwenye kosa ni kitako. Mwiba mmoja mkali wa pikseli moja au mbili, unaotokea mara moja na kutorudi, ni miali ya anga iliyogonga kamera.

Kilele cha pili cha MoS₂ karibu na elektronivolti 2.0 si kigeni hata kidogo. Ukanda wa valensi, yaani viwango vya nishati vilivyojaa elektroni, umegawanyika kwa kama 0.15 kutokana na uhusiano wa mzunguko wa elektroni na mwendo wake, na kilele hicho ni cha ukanda wa chini. Hata hivyo ukubwa wake una habari: kikikua sana ukilinganisha na kile kikuu, ujue kilele kikuu kimedhoofishwa na kasoro. Kilele kipana chini ya 1.6, kwa upande mwingine, ni dalili ya kwamba una tabaka mbili au zaidi, na hapo urudi mwanzo wa mwongozo huu.

Mwanga unafifia unapopoozwa

Kwa mtu aliyezoea semikondakta nyingine, kupooza sampuli hung'arisha kila kitu, kwa hiyo WSe₂ inapofifia kadiri heliamu inavyoingia, mtu hutafuta barafu kwenye dirisha. Katika fuwele za tungsteni hali ya chini kabisa ya eksitoni ni ile ambayo elektroni na tundu zina mzunguko usiolingana, na kutoa mwanga kumekatazwa. Hali inayong'aa iko makumi kadhaa ya milielektronivolti juu yake. Joto la chumba huzipandisha eksitoni hadi huko, baridi huziacha chini gizani. MoSe₂ mpangilio wake ni kinyume, na yenyewe hung'aa zaidi kwa baridi. Kwa hiyo weka kipande cha MoSe₂ kando ya WSe₂ katika chumba kimoja: kimoja kikipanda na kingine kikishuka, dirisha lako ni safi.

Iwapo kwa baridi hiyo unaona mistari myembamba mingi chini ya kilele cha WSe₂, hasa kwenye kingo na makunyanzi, hizo ni eksitoni zilizonaswa mahali pamoja, na kuna watu wanaozitafuta makusudi kwa sababu hutoa fotoni moja moja.

Transista haipitishi mkondo, au inapitisha kwa kukwama

Upande wa umeme una matatizo ya aina nyingine, na karibu yote hupitia mlango mmoja, yaani mgusano wa metali na fuwele. Transista ya kawaida ya majaribio ina chanzo na mfereji vya metali juu ya fuwele, na silikoni iliyo chini ya oksidi hutumika kama lango. Ukipandisha volti ya mfereji ukaona mkondo umejikunja kama mkia badala ya kupanda kwa mstari ulionyooka, hasa baridi ikizidi, kuna kizuizi cha Schottky, yaani ukuta wa nishati ambao elektroni lazima ziuvuke, kwenye mgusano. Watu hubadilisha metali wakitumaini kwamba platini itawapa matundu ya chaji (si yale ya salfa) na skandiamu itawapa elektroni, lakini MoS₂ hairuhusu uchaguzi huo kirahisi, kwa sababu kiwango cha Fermi, yaani nishati ambayo elektroni zimejaa hadi hapo, hukwama karibu na ukanda wa upitishaji, ule ambamo elektroni hutembea huru, karibu bila kujali metali iliyowekwa. Sehemu ya kukwama huko hutokana na metali yenyewe kuijeruhi fuwele inapopuliziwa ikiwa moto. Mwaka 2021 kundi moja lilitumia bismuthi na kupata ukinzani wa mgusano wa ohmu 123 kwa mikromita ya upana. Migusano ya kawaida ya maabara huwa ni ya maelfu ya ohmu, kwa hiyo usishangae sana.

Njia ya kutenganisha fuwele na mgusano ni vipimo vya nyaya nne, ambapo nyaya mbili hupeleka mkondo na nyingine mbili husoma volti bila kubeba mkondo. Ukinzani wa nyaya mbili ukiwa mkubwa mara nyingi kuliko ule wa nyaya nne, umepata kosa lilipo. Usipokuwa na nyaya nne, tengeneza transista kadhaa za urefu tofauti katika kipande kimoja, chora ukinzani dhidi ya urefu, na mstari ukivutwa hadi urefu sifuri utakuonyesha mchango wa migusano yote miwili.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tazama mkondo wa lango. Watu hufunga nyaya kwa mashine ya kuunganisha na sindano ikatoboa oksidi, kisha hulalamika kwamba transista haizimiki, kumbe mkondo wanaouona unapita kutoka silikoni kwenda kwenye waya. Mkondo wa lango unapokaribiana na mkondo wa mfereji, kipimo hicho hakina maana. Na kama transista ilikuwa hai jana na leo imekufa ghafla, bila hatua za kati, mshitakiwa wa kwanza ni umeme tuli wa vidole vyako: vaa mkanda wa kuunganisha na ardhi, na uache nyaya zote zimeunganishwa pamoja hadi dakika ya mwisho.

Mkondo unakumbuka ulikotoka

Unapeleka volti ya lango kutoka −60 hadi +60 na kurudi, na njia ya kurudi haifuati ya kwenda. Kitanzi chake kina upana wa volti 20. Oksidi ya nanomita 285 ina kapasitansi, yaani uwezo wa kubeba chaji kwa kila volti, ya nanofaradi 12 hivi kwa sentimita mraba, na maana yake ni kwamba kila volti 1 ya lango huongeza elektroni kama 7.5 × 10¹⁰ kwa sentimita mraba. Kitanzi cha volti 20, basi, ni elektroni 1.5 × 10¹² zilizokaa mahali pasipotakiwa, na idadi hiyo hupatikana kirahisi kwenye maji yaliyo juu ya fuwele na mitego iliyo ndani ya oksidi.

Badilisha kasi kwanza. Kitanzi kinachopanuka ukienda polepole ni cha mitego inayojaa taratibu. Kisha weka sampuli katika ombwe, ipashe moto hadi nyuzi 120 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, na uache ipoe bila kufungua. Kitanzi kikipungua sana, yalikuwa maji. Kikibaki, ni mitego ya oksidi, na dawa yake ni kuifunika fuwele kati ya vipande viwili vya nitridi ya boroni ya pembesita, ambayo uso wake ni bapa na hauna vifungo vilivyoning'inia. Fuwele bora za nitridi hiyo zinazotumika duniani kote kwa kazi hii zilikuzwa na Kenji Watanabe na Takashi Taniguchi huko Tsukuba, Japani. Faida yake huonekana hata upande wa mwanga: mstari wa MoS₂ iliyofungwa hivyo, kwa baridi ya heliamu, huwa na upana wa milielektronivolti chache tu.

Taa ya hadubini nayo ni mhalifu anayesahauliwa. MoS₂ iliyoangazwa huendelea kupitisha mkondo wa ziada kwa saa nyingi baada ya taa kuzimwa, kwa hiyo aliyepanga sindano chini ya taa kali na kuanza kupima papo hapo anapima mwanga wa asubuhi. Zima taa, kaa, pima tena.

Wepesi wa elektroni ni mkubwa mno kuwa kweli

Hili ndilo tatizo ambalo hakuna anayelalamika nalo, na kwa hiyo ndilo hatari zaidi. MoS₂ ya tabaka moja juu ya oksidi ya kawaida, kwa joto la chumba, hutoa wepesi, yaani kasi ya elektroni kwa kila kiasi cha uga wa umeme, wa sentimita mraba 1 hadi 50 kwa volti-sekunde. Mwaka 2011 Branimir Radisavljevic, Andras Kis na wenzao katika chuo cha EPFL huko Lausanne walitangaza transista ya tabaka moja yenye lango la juu juu ya oksidi ya hafniamu, iliyoweza kuwasha na kuzima kwa uwiano wa 10⁸, na wakataja wepesi wa takriban 200. Transista ilikuwa nzuri na kazi hiyo iliamsha uwanja mzima, lakini mwaka 2013 Michael Fuhrer na James Hone walieleza kwamba lango la juu likiachwa bila kuunganishwa hushirikiana na lango la chini, kapasitansi halisi huwa kubwa kuliko ile iliyotumika katika hesabu, na wepesi huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Hesabu yenyewe hugawanya mteremko wa mkondo kwa kapasitansi, hivyo kapasitansi iliyopungukiwa mara tano hukupa wepesi uliozidi mara tano. Angalia kama kuna metali yoyote inayoelea juu ya fuwele yako. Pima kapasitansi badala ya kuikadiria, na ukiweza, tumia athari ya Hall, yaani volti inayojitokeza pembeni mwa mkondo ukiwekwa katika uga wa sumaku, ambayo hukupa idadi ya elektroni bila kupitia kapasitansi hata kidogo. Kisha linganisha idadi hiyo na ile inayotabiriwa na volti ya lango. Zisipokubaliana, amini Hall. Angalia pia mteremko uliochagua: ukipima pale ambapo lango linafungua mgusano badala ya kujaza fuwele, utapata namba ya kupendeza ambayo haihusiani na fuwele.

Sampuli ilikuwa nzuri mwezi uliopita

Tabaka moja la MoS₂ na la WS₂ lililooteshwa tanurini huzeeka hewani. Baada ya miezi huanza kuoksidika kwenye kingo na mipaka ya chembe, vidoa vya giza huonekana kwenye ramani ya mwanga, na unyevu pamoja na mwanga huharakisha jambo hilo. Fosforasi nyeusi, ambayo wengine huichanganya katika vipimo hivi, ni dhaifu zaidi na huharibika ndani ya saa au siku chache. Weka sampuli katika chombo cha ombwe chenye chembe za silika, gizani. Anayefanya kazi karibu na bahari abadilishe silika mara tu rangi yake inapogeuka, asingoje ratiba. Na siku sampuli inapotoka kwenye selotepu au tanuri, ipige picha ya hadubini, chukua Raman moja na spektra moja ya mwanga kwa nguvu ndogo ya leza, kisha uandike tarehe na nguvu hiyo nyuma ya kisanduku kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu spektra hiyo ndiyo utakayoilinganisha na ya leo.